Lakabu za Seva Tano

Chumba ni kidogo, zamani kilikuwa stoo ya magodoro.
Nje, Nkuhungu nzima imelala uani kwa joto la Novemba,
mvua inazunguka Bahi na haijaamua;
humu ndani kiyoyozi kinanguruma
nami nimevaa sweta la shule la mdogo wangu,
mikono yake ikiishia kwenye viwiko.

Seva ni tano. Waliozifunga walizipa namba
kama ng'ombe wa mnadani:
kumi, nukta sifuri, nukta nne, nukta kumi na saba.
Nani atakumbuka?
Basi nikaziita Maabara, Dawa, Malipo,
na ile inayotunza majalada, Kumbukumbu.
Ya tano, kuukuu, feni yake inakohoa,
niliiacha na jina la kiwandani, refu kama risiti.

Lakabu si mtu. Ni kidole kinachoelekeza.
Mashine ikifa unakigeuza kidole,
na anayeita hajui kwamba aliyeitika ni mwingine.

Jumamosi Maabara ilikufa.
Haikupiga kelele: taa ya kijani, ya njano, giza.
Tukaleta mpya, yenye anwani yake,
nikapita seva hadi seva, faili hadi faili,
nikigeuza vidole. Nikafuta jasho ambalo halikuwepo.
Nikaenda kula chipsi.

Saa nane usiku, simu. Sista Mbeleje, wodi ya watoto:
"Nyemo, majibu ya damu hayafiki dirisha la dawa.
Nimeyaandika kwenye kiganja, nakimbia nayo.
Nitakimbia mpaka lini?"

Naita Maabara kutoka Malipo: inaitika.
Kutoka Kumbukumbu: inaitika.
Kutoka Dawa: kimya.
Kimya cha mtu aliyesikia jina lisilo lake.

Nafungua faili, nasoma mstari kwa mstari,
ukucha juu ya kioo.
Nilikuwa nimeandika Mabara.
Herufi moja imedondoka, a,
na Dawa tangu Jumamosi inatafuta Afrika na Asia
badala ya chumba cha darubini, hatua arobaini kutoka hapa.

Sikucheka.

Mama aliwahi kupotea katika hospitali hii
akiwa amelala kitanda cha tatu.
Mvumi walimbatiza Ester. Nyumbani ni Sechelela.
Kwenye ubao wa wodi mtu aliandika kwa chaki: Mama Nyemo.
Karani alipekua daftari, akalamba kidole, akapekua tena:
"Ester Chidawali hatuna."
Na Mama alikuwa anamtazama kupitia mlangoni,
drip mkononi, kilemba kimelegea,
amechoka hata kusema mimi ndiye.
Majibu yake yalikaa siku mbili kwenye kasha,
yameandikwa Sechelela, hayana wa kuyachukua.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nukta sikuzijua.
Nilijua tu kwamba jina liliandikwa pale
na hapa halikuandikwa.

Narudisha a mahali pake.
Nahifadhi. Naita.
Maabara inaitika upesi, bila kinyongo.
Baada ya dakika, ujumbe wa Sista: "Imefika."
Halafu mwingine: "Naosha mkono."

Ningeweza kulala. Ninachukua karatasi ya nyuma ya kalenda,
naibandika kwenye kabati la chuma kwa plasta ya vidonda,
nachora safu tano, mistari mitano,
nazunguka upya, seva hadi seva,
nikiita kwa sauti kama mwalimu wa zamu na daftari la mahudhurio.
Mlinzi, Mzee Matonya, anachungulia:
"Unaongea na nani humo?"
"Nasoma majina."
Anaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ni jambo la kawaida,
anaendelea na tochi yake.

Ya tano inakohoa.
Nimeiandikia lakabu tatu,
katika seva zote tano,
nikihesabu herufi kwa vidole.